Nguruwe walipovuna mahindi wenyewe

Mwanzoni mwa karne ya 20, wakulima wengi wa Iowa, Illinois na majimbo jirani nchini Marekani hawakuvuna mahindi yao yote kwa mikono. Mahindi yalipokomaa, nguruwe waliokuwa wakinenepeshwa walifunguliwa shambani, wakaangusha mabua na kula punje papo hapo. Mkulima aliepuka ujira wa vibarua, na samadi ilibaki shambani bila kubebwa.

Kazi ilikuwa kwenye uzio. Shamba liligawanywa vipande, na nguruwe walihamishwa walipomaliza kimoja. Wakiachiwa eneo zima walikanyaga mengi, hasa wakati wa mvua. Kwa kuwa mahindi yana upungufu wa protini, baadhi ya wakulima walipanda soya kati ya mahindi.

Kusini, ambako nguruwe walifukua karanga, tatizo lilijitokeza sokoni. Mafuta ya karanga yalilainisha mafuta ya mnyama, nyama ikawa teketeke, na wenye machinjio wakailipia bei ya chini. Wafugaji waliwarudisha nguruwe kwenye mahindi kabla ya kuwauza, dawa ambayo haikuponya kila mara.

Mashine za kuvunia zilipoenea, utaratibu huo ulififia.