Probox, Nissan AD au gari la Ulaya: lipi linastahimili kazi ya Bujumbura?

BUJUMBURA – Kwa mfanyabiashara anayeishi Carama, kaskazini mwa jiji la Bujumbura, safari za juma moja hupita katika njia tatu zisizofanana hata kidogo. Kuna barabara za udongo za mtaani, ambazo mvua za Machi na Aprili huzichimba mashimo. Kuna lami tambarare ya kwenda Gihanga kufuata mchele au kuteremka mjini. Halafu kuna Barabara ya Taifa namba 1, inayopanda kutoka usawa wa Ziwa Tanganyika, meta 770 hivi, hadi Bugarama iliyo juu ya meta 2,000, na yote hayo ndani ya takriban kilometa 35.

Gari linalosifiwa kwenye njia moja huweza kumtia hasara mwenyewe kwenye njia nyingine. Makala haya yanalinganisha magari madogo ya kazi yanayoonekana zaidi Bujumbura kwa mambo mawili: uimara wa uundaji wake na namna yanavyoendesheka. Malori hayamo humu.

Probox: bati jepesi, mifupa mizuri

Toyota Probox ilitoka Japani Julai 2002 kuchukua nafasi ya Corolla ya mizigo, pamoja na pacha wake Succeed, ambayo ni ndefu zaidi kwa sentimita 10 hivi. Haikuundwa kwa ajili ya familia. Iliundwa kwa ajili ya makampuni ya Kijapani yanayowapa maafisa mauzo gari la kuzungukia wateja, na hilo linaonekana ukifungua mlango tu: plastiki ngumu, viti vya kitambaa cha kawaida, na meza ndogo ya kuvuta kwenye dashibodi ambayo huko iliwekewa karatasi za ofisini na hapa hubeba daftari la madeni.

Mlango wa Probox ukiufunga hulia kama debe. Wengi huchukua mlio huo kuwa dalili ya gari dhaifu, na hapo ndipo wanapokosea. Bati la mlango halibebi mzigo. Kinachobeba ni sakafu, ekseli, springi na mahali springi zinaposhika bodi, na katika sehemu hizo Probox ilitengenezwa kwa hesabu ya gari la mizigo. Ukikunja kiti cha nyuma cha ile ya mizigo unapata sakafu iliyonyooka ya urefu wa meta 1.8.

Injini inayopatikana zaidi ni 1NZ-FE ya lita 1.5, yenye nguvu za farasi 109 hivi. Inatumia cheni badala ya mkanda wa taimingi. Kwa mtu anayenunua gari lililotembea kilometa asizoweza kuzithibitisha, hiyo si tofauti ndogo: mkanda una muda wake, na ukikatika safarini unakuacha njiani, na kwa baadhi ya injini huharibu valvu pia. Cheni ikipewa oili safi kwa wakati hudumu miaka mingi. Injini ya lita 1.3 nayo ipo. Mjini inatosha, lakini mlimani utaisikia ikilalamika.

Kuendesha Probox hakuna raha kubwa. Ikiwa tupu hurukaruka kwenye mawe, sehemu ya nyuma inacheza, na kelele za matairi zinaingia ndani. Ukiipa mzigo wa wastani inatulia kabisa, kwa sababu hapo ndipo springi zake zinapofanya kazi iliyokusudiwa. Usukani wake ni mwepesi, na vioo vikubwa vya pembeni vinamsaidia dereva kwenye msongamano wa Kamenge kuliko starehe yoyote ya kiti.

Mnunuzi asome namba ya chesisi kabla ya kusoma bei. NCP50V ni ya mizigo yenye injini ya 1.3, NCP51V ni ya mizigo ya 1.5; NCP55V ni ya 1.5 inayovuta magurudumu yote manne. Herufi ya mwisho ikiwa G, kama NCP58G, hilo ni gari la abiria: kiti cha nyuma ni kinene zaidi. Zile za magurudumu manne zichunguzwe chini kwa makini, kwani nyingi zimetumika kaskazini mwa Japani, ambako chumvi humwagwa barabarani wakati wa theluji. Kutu ya chumvi haionekani kwenye rangi. Inakula mabomba ya breki na sehemu springi zinaposhikia.

Toleo la pili lilitoka mwaka 2014 (NCP160V kwa injini ya 1.5). Kwa nje nyuma ni ileile, lakini mbele limebadilika, na gia za mkono na za oto za ngazi nne zimeondolewa. Badala yake kuna gia ya CVT, inayotumia mkanda wa chuma na haina ngazi. Inaokoa mafuta na inaenda laini. Hata hivyo, inahitaji oili yake maalumu, haipendi joto la kupanda mlima mrefu na mzigo uliozidi, na ikifa hutengenezwa na mafundi wachache. Kwa kazi ya Bugarama, mwandishi huyu angechagua toleo la kwanza lenye gia za mkono, hata kama rangi yake imechoka.

Mzigo halali ni kilo ngapi?

Hapa ndipo sifa ya Probox inapotumiwa vibaya. Toleo la kwanza la mizigo limeruhusiwa na kiwanda kubeba kilo 400 likiwa na watu wawili, au kilo 250 likiwa na watu watano. Wajapani humhesabia mtu kilo 55. Maana yake, jumla ya watu na mizigo ni kilo 510 hadi 525.

Tufanye hesabu. Watu wazima wanane wa kilo 65 ni kilo 520: gari limeshafika kikomo kabla ya begi moja kuwekwa nyuma. Mifuko minane ya saruji ya kilo 50 ni kilo 400, na hapo nafasi iliyobaki ni ya dereva na mwenzake. Ukiona Probox yenye mifuko kumi na minne na abiria wawili, hiyo inabeba kilo 300 zaidi ya kiwango. Litakwenda, ndiyo. Lakini shokapu, busha na beringi za magurudumu zinalipa, na kinacholipa zaidi ni breki.

Kuna jambo moja linalosahaulika mara kwa mara. Probox ya mizigo ilitoka kiwandani na matairi ya mizigo, yaliyoandikwa LT ubavuni. Yakiisha, wengi hununua tairi la kawaida la gari dogo kwa kuwa ni rahisi na laini zaidi. Gari linakuwa tamu kuendesha, na uwezo wa kubeba umepungua bila mwenyewe kujua.

Nissan AD

Nissan AD ya Y12, iliyoanza kutengenezwa mwishoni mwa 2006, ndiyo mshindani wa karibu. Mazda iliiuza kwa jina la Familia Van, na Mitsubishi kwa jina la Lancer Cargo, hivyo mtu akikuletea mojawapo ya hizo jua ni gari lilelile. Kiwanda kinairuhusu kubeba kilo 450, zaidi kidogo ya Probox. Injini ya 1.5 ni HR15DE, nayo ya cheni.

Kwa mwendo, AD ni bora. Viti vinashika mgongo vizuri zaidi, kelele ni ndogo, na kwenye lami haiyumbi sana ikiwa tupu. Anayesafiri peke yake mara kwa mara kati ya Bujumbura na Gitega atashuka akiwa hajachoka sana. Tatizo lake liko Buyenzi, mtaa wa mafundi na vipuri. Kipuri cha Probox hupatikana kwa duka la tatu ukikosa kwa la pili, kipya, cha kuiga au kilichotolewa kwenye gari bovu. Cha AD unaweza kuambiwa usubiri mzigo kutoka Dar es Salaam.

Carina E na Golf

Kabla magari ya Japani hayajazagaa, Bujumbura ilizoea magari ya usukani wa kushoto kutoka Ulaya, mengi yakipitia Ubelgiji. Toyota Carina E ni mfano mzuri: ilitengenezwa Burnaston, Uingereza, kuanzia mwishoni mwa 1992 hadi 1997. Bado zipo barabarani. Bodi yake ni nzito kuliko ya Probox na mwendo wake umetulia zaidi, hasa kwenye kona za kuteremka. Injini yake ya 1.6 ni ya mkanda, kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji liwe: mkanda ulibadilishwa lini?

Volkswagen Golf ya kizazi cha nne (1997 hadi 2003) ndiyo gari linalotajwa kila watu wanapozungumzia uundaji mzuri. Bodi imepakwa zinki dhidi ya kutu, milango inafunga kwa mlio mzito, nafasi kati ya mabati ni nyembamba na sawasawa. Usukani unajibu kwa usahihi ambao Probox haiukaribii. Lakini ni gari la chini, barabara za udongo hulikwaruza tumbo, na umeme wake unahitaji fundi mwenye kifaa cha kusomea hitilafu. Kwa mtu wa ofisini anayekaa kwenye lami ni gari zuri sana. Kwa mtu wa kabichi, hapana.

Upande wa usukani

Burundi, Rwanda na Kongo huendesha kulia. Tanzania, Kenya na Uganda huendesha kushoto. Gari la Japani lina usukani wa kulia, hivyo likivuka Kobero kutoka Kabanga linakuwa limeingia nchi isiyo ya upande wake. Rwanda ilizuia uingizaji wa magari madogo ya aina hiyo mwaka 2005. Bujumbura yanaendelea kuonekana kila kona.

Athari ya kwanza inajulikana: ukiwa nyuma ya lori kwenye RN1, dereva wa usukani wa kulia haoni mbele mpaka atoe karibu gari zima katikati ya barabara. Ya pili haizungumzwi sana. Taa za chini za gari la Japani zimetengenezwa ziinuke kidogo upande wa kushoto, kumulika ukingo wa barabara. Hapa kushoto ni upande wa anayekuja. Kwa hiyo gari lako linampofusha mwenzako usiku hata kama umeweka taa za chini, na ukingo wenye waenda kwa miguu na baiskeli unabaki gizani. Kuzishusha taa kidogo kunapunguza tatizo. Dawa kamili ni taa za nchi za kuendesha kulia.

Kwa Hiace ni vivyo hivyo. Mlango wake wa kuteleza, kwa zile za Japani, uko kushoto, na abiria anashukia kwenye njia ya magari.

Kupanda tupu, kushuka na mzigo

Injini isiyo na taboo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila meta 1,000 za kupanda. Kufika Bugarama, farasi 109 wamebaki chini ya 90. Hili linawasumbua madereva, ingawa si kubwa kama linalofuata.

Anayefuata mboga na viazi Bugarama hupanda akiwa mtupu na hushuka amejaza. Probox ina breki za diski mbele na za ngoma nyuma, zilizopimwa kwa uzito tuliotaja hapo juu. Dereva anayeshuka na gia ya nne huku akikanyaga breki muda wote huzichemsha mpaka pedali inakuwa laini. Gari la gia za mkono lishushwe kwa gia ya pili au ya tatu. La oto liondolewe kwenye D. Pedi za bei ya chini kabisa zisifungwe kwenye gari linalofanya njia hii, na mafuta ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka 2, maana hunyonya maji na yakichemka hayasukumi tena.

Hesabu ya kila siku

Tangu faranga ya Burundi iliposhushwa thamani Mei 2023, kipuri kinachonunuliwa kwa dola kimekuwa swali zito kuliko bei ya gari lenyewe. Tuseme gari hufanya kazi siku 26 kwa mwezi. Likilala gereji siku 4 likisubiri kipuri, umepoteza asilimia 15 ya mapato ya mwezi, bado hujamlipa fundi. Gari tamu lililonunuliwa kwa bei nafuu huweza kuwa ghali kwa njia hiyo ndani ya mwaka mmoja.

Mafuta nayo yanaingia humo. Katika miaka ya uhaba, hasa 2024, wengi walijaza kutoka madumu ambayo hawakujua yametoka wapi. Maji na uchafu huziba kichungi, na kwenye Probox kichungi kiko ndani ya tangi pamoja na pampu, hivyo kazi ya kukibadilisha ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Gari likikosa nguvu mlimani, muulize fundi habari ya kichungi kabla hajagusa injini.

Anayekwenda kuangalia gari la kununua aombe kulijaribu asubuhi, injini ikiwa baridi, na asikubali kuzungushwa kwenye lami peke yake. Alipitishe kwenye udongo mwendo wa kilometa 20 kwa saa vioo vikiwa vimefungwa na redio imezimwa, asikilize busha na bolijointi. Alipandishe kilima chochote kirefu, kisha alishushe kwa gia ya pili na kuachia gesi: likitoa moshi wa buluu anapokanyaga tena, injini inakula oili. Mwisho aingie chini na tochi, aanze na mabomba ya breki.