Tulipita Wote Tororo

Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alikuwa anahutubia wanajeshi katika kambi ya jeshi ya Tororo. Hapo ndipo alipotamka kwamba Waasia wenye pasipoti za Uingereza hawana nafasi tena Uganda, Uingereza ije iwachukue watu wake. Muda uliotolewa ulikuwa siku 90. Habari ya siku 90 wengi wetu tumeisikia, lakini ni wachache wanaojua kwamba neno lenyewe lilitoka hapa hapa, chini ya mwamba wa Tororo, mwendo mfupi tu kutoka mpaka wa Malaba.

Mimi nafanya kazi na vijana wa Busia na Tororo, wakimbizi na wenyeji. Nikiwasimulia habari hii huwa wananiuliza, "Sasa majirani walikuwa wapi? Mbona hawakuwatetea?" Mimi huwa nawarudisha nyuma, kwenye shule.

Wakati wa Waingereza, Kenya na Uganda pia, shule zilikuwa za rangi. Mzungu kwake, Mhindi kwake, Mwafrika kwake. Nairobi wavulana wa Kizungu walisoma Prince of Wales, wa Kihindi walisoma Duke of Gloucester, ambayo leo ni Jamhuri, na Waafrika wachache waliobahatika walikwenda Alliance, kule Kikuyu, iliyofunguliwa 1926. Hata miji midogo ya reli ilifuata mtindo huo huo. Mtoto wa fundi wa reli kutoka Punjab na mtoto wa Mjapadhola mkulima wa pamba wangeweza kukulia mji mmoja wa Tororo bila kukaa darasa moja hata siku moja. Walikutana dukani, mmoja nyuma ya kaunta, mwingine mbele.

Sisemi urafiki haukuwepo. Watoto hawangoji ruhusa ya serikali ndipo wacheze. Lakini urafiki wa aina hiyo ulikuwa wa barabarani na wa jioni. Asubuhi ikifika, kila mmoja alivaa yunifomu yake na kushika njia yake. Uganda ilipata uhuru 1962, na milango ya shule ikafunguliwa kwa wote. Kutoka hapo mpaka 1972 ni miaka kumi. Watu wazima wa mwaka ule karibu wote walikuwa wamelelewa katika shule zilizotengwa.

Ndio, kulikuwa na sababu nyingine: wivu wa biashara, jeshi lililotaka kugawiwa mali, na mkoloni aliyewapa Wahindi nafasi ya katikati na Mwafrika nafasi ya chini. Shule peke yake haikumfukuza mtu. Lakini ni vigumu kumtetea mtu ambaye unamjua kwa bei ya sukari tu. Makumi ya maelfu waliondoka. Uingereza peke yake ilipokea takribani 28,000, na wengi walianzia maisha katika kambi za zamani za kijeshi, kama Stradishall na Tonfanau. Wengine walipanda treni kutoka Kampala kwenda Mombasa, wakapita Tororo hii hii na kuvuka Malaba.

Reli hiyo ilikuwa imeshapitisha wakimbizi miaka 30 kabla, ila wale walikuwa wanakuja. Mwaka 1940 na 1941 serikali ya Kisovieti iliwakamata Wapolandi kwa mamia ya maelfu, wazee kwa watoto, ikawapeleka Siberia na Kazakhstan kufanya kazi za kulazimishwa. Walipoachiliwa, wengine walifika Iran mwaka 1942, na kutoka hapo Waingereza wakaleta takribani 18,000 katika makoloni yao ya Afrika. Wengi walikuwa wanawake na watoto. Waliopangiwa Uganda walishuka meli Mombasa, wakapanda treni mpaka huku, kisha wakagawanywa katika kambi mbili: Koja, kando ya Ziwa Victoria, na Nyabyeya, karibu na Masindi. Kanisa walilojenga Nyabyeya bado limesimama, na makaburi yao yapo.

Walijenga shule pia. Watoto wa Kipolandi walifundishwa kwa Kipolandi na walimu wao wenyewe. Tuwe wa haki: watu hao walikuwa wamenyang'anywa nchi, na lugha ilikuwa mzigo pekee ambao hakuna askari aliyeweza kuwapokonya. Walitumaini kurudi kwao. Hata hivyo, hata kama wangetaka kuwaingiza watoto wa Kinyoro madarasani, utaratibu wa rangi wa serikali ya kikoloni haukuwa na nafasi ya jambo hilo. Mtoto wa kambini na mtoto wa kijijini wangekutana sokoni au njiani tu. Kambi zikafungwa baada ya vita, watu wakatawanyika Uingereza, Australia na Kanada. Yakabaki kanisa na makaburi.

Halafu tukaja sisi. Uchaguzi wa Kenya ulifanyika tarehe 27 Desemba 2007, na matokeo yalipotangazwa tarehe 30 moto ukawaka. Maelfu ya Wakenya walivuka Busia na Malaba kuingia Uganda. Nilikuwa na miaka saba. Tuliwekwa Mulanda, wilaya ya Tororo, kwenye mahema, na baadaye wengi tukahamishiwa Kiryandongo, ambayo wakati ule ilikuwa ndani ya wilaya ya Masindi. Ukiangalia ramani utaona kwamba tulifuata njia ile ile ya Wapolandi: Tororo mpaka Masindi.

Tofauti ni moja. Sisi tulikaa benchi moja na watoto wa pale. Hatukujengewa shule ya Wakenya. Nikiwa Mulanda nilikwenda shule ya msingi ya kijiji, watatu kwenye benchi moja, na katikati alikaa mvulana wa Kijapadhola. Madarasa ya chini Uganda hufundishwa kwa lugha ya mahali, na mimi sikuwa nasikia hata neno. Mama yake alikuwa anauza chapati kwa madereva wa malori Malaba, kwa hiyo yeye alikuwa na Kiswahili cha stendi, kilichovunjika vunjika, na ndicho alichonitafsiria nacho hesabu. Mimi nilimlipa kwa biskuti za msaada.

Kuna wakati ulivuma uvumi pale kijijini kwamba Wakenya wanamaliza maji ya bomba na wameleta vita yao. Watu walikuja juu. Mama wa chapati ndiye aliyesimama akasema, "Hawa nawajua. Mtoto wangu anasoma nao." Hakutoa hotuba. Maneno hayo machache yalitosha, watu wakaanza kuzungumza zamu za kuchota maji badala ya kutufukuza. Mimi naamini lile benchi ndilo lililompa maneno hayo.

Naandika haya kwa sababu ya mjadala ulioko kati yetu sasa hivi. Katika vikao vya wazazi wakimbizi ninavyohudhuria, kuna sauti zinazosema tuanzishe madarasa yetu, watoto wetu wasome kando, wasipoteze lugha, wasichekwe. Wazazi wangu na wakubwa zangu, nawaelewa. Mtoto anayechekwa kila siku kwa matamshi yake anaumia, na lugha ikipotea haiokotwi barabarani.

Lakini tusifanye kwa hiari yetu kazi ambayo mkoloni aliifanya kwa sheria. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inampa mtoto mkimbizi haki ya elimu ya msingi sawa na raia. Haki hiyo wale wa Nyabyeya hawakuwa nayo, wala wale wa Tororo ya zamani. Lugha tuifundishe jioni na Jumamosi, kanisani, msikitini, chini ya mwembe, na mimi niko tayari kusaidia kutafuta walimu na chaki. Asubuhi tuwaache wakae pamoja.

Hatujui nani atatangaza nini, katika kambi gani, mwaka gani. Tunachoweza kufanya ni kuhakikisha kwamba siku hiyo ikifika, kuna mama fulani katika kijiji fulani atakayesema kwamba anatujua.