Jembe la Siku ya Tatu

Anayetoka Dar es Salaam kuelekea bara ana njia mbili za siku nyingi. Moja inapita Ubungo, Kimara na Mbezi mpaka Maili Moja, Kibaha, mwendo wa kilometa 40 hivi kutoka mjini. Nyingine inapita uwanja wa ndege, Gongo la Mboto na Pugu, kisha inapanda vilima vya msitu hadi Kisarawe. Kwa zaidi ya miaka 130 njia hizi zimepitisha wageni wa aina moja: watu waliovuka bahari, wengi wao vijana, wengi wakiwa hawajawahi kutoka kwao, na baadhi wakiwa peke yao kabisa, wakisema wamekuja kusaidia. Majina yao yamebadilika kila kizazi. Waliitwa wamisionari, wakaitwa wataalamu, wakaitwa Peace Corps. Leo vijana wa mtaani humwita volontia, na kwenye barua za serikali anaandikwa mtu wa kujitolea.

Waswahili wana methali iliyomtangulia mgeni huyu: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliitumia katika kijitabu chake cha Ujamaa cha mwaka 1962, alipokuwa akieleza kwamba katika jamii ya kiafrika kila mtu alikuwa mfanyakazi. Mara nyingi tunapoitaja tunamtazama mgeni na uvivu wake. Mimi humtazama zaidi mwenye nyumba. Ndiye mwenye jembe, ndiye anayejua shamba liko wapi na mpaka wake unaishia wapi. Historia ya kujitolea Kibaha na Kisarawe naiona kuwa historia ya jembe hilo: nani alilishika, na nani alimkabidhi.

Wa kwanza hawakungoja kukabidhiwa. Mwaka 1888 Wabenediktini wa Mtakatifu Otilia walifika kutoka Ujerumani, mabruda na masista, wakajenga nyumba kwenye vilima vya Pugu na kuwapokea watu waliookolewa utumwani. Kazi ilikuwa njema. Wakati ulikuwa mbaya kupita kiasi. Mwaka huohuo Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kuipokonya pwani ushuru na bendera zake, na pwani nzima, kuanzia Pangani, ikawaka moto chini ya Abushiri bin Salim na wenzake. Tarehe 13 Januari 1889 misheni ya Pugu ilivamiwa. Baadhi ya mabruda na masista waliuawa, wengine wakatekwa. Walikuwa watu wapole, na kifo chao kinauma hata leo ukikisoma. Lakini aliyewaona wakipanda kile kilima hakuwa na namna ya kuwatofautisha na mabwana wa kampuni. Lugha yao ilikuwa moja, na meli zilizowaleta zilitoka kwao kulekule.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1892, Mlutheri Johann Jakob Greiner alianzisha kituo Kisarawe. Wajerumani walikiita Hoffnungshöhe, maana yake Kilima cha Matumaini. Mwaka 1895 kikafuata kituo cha Maneromango, ndani zaidi ya Uzaramo. Hapa pia walipokewa watoto waliotoka utumwani, wakasomeshwa, na kutoka kwao wakapatikana walimu. Wakati huohuo serikali ya Kijerumani iliwalazimisha Wazaramo kulima pamba. Vita vya Maji Maji vilipozuka mwaka 1905 vilifika mpaka huku, na Kibasila, kiongozi wa Wazaramo, akanyongwa. Shule ya sekondari ya Dar es Salaam inabeba jina lake hadi leo. Mtu wa Uzaramo wa wakati ule alimpeleka mwanawe kwa Mjerumani mmoja akajifunze kusoma, huku Mjerumani mwingine akimtoa shambani kwake kwa kiboko. Hatuwezi kuzisimulia habari hizi mbili kama vile zilitokea nchi mbili tofauti.

Kisha ikaja Vita ya Kwanza ya Dunia, na wamisionari wa Kijerumani wakaondolewa. Watu wa Kisarawe na Maneromango wakabaki na majengo, na vitabu, na kanisa. Martin Ganisya, aliyewahi kuwa mtumwa kabla ya kulelewa misheni, alikuwa miongoni mwa walioendelea kulichunga. Kipindi hicho hupewa sentensi moja au mbili katika vitabu vingi, kama pengo kati ya mgeni aliyeondoka na mgeni aliyerudi. Ningependa siku moja kiandikiwe kitabu kizima, kwa sababu hapo ndipo palipoonekana ni nini hasa kilikuwa kimeshika mizizi.

Katika miaka ya 1920 Waanglikana wa misheni ya UMCA walihamishia Minaki, karibu na Kisarawe, chuo chao cha Mtakatifu Andrea kilichokuwa Kiungani, Unguja. Watu wa UMCA walikuwa na utaratibu uliowatofautisha na wengi: hawakulipwa mshahara. Walipewa chakula, malazi na posho ndogo, na wakiwa kazini walitarajiwa wasioe wala wasiolewe. Ukitafuta babu wa volontia wa leo, ndio hao. Tofauti ni muda. Wao walikaa miaka, wengine mpaka wakazikwa huku, na Kiswahili walikijua kwa kina.

Pugu nayo ikapata shule nyingine, chuo cha Mtakatifu Fransisko cha Wakatoliki, na hapo ndipo Nyerere alipofundisha baada ya kurudi kutoka Edinburgh mwaka 1952. Naye alikuwa ameonja usafiri wa peke yake, kijana wa Butiama katika baridi ya Uskochi. Mwaka 1955 aliacha ualimu wa Pugu ili afanye kazi ya chama cha TANU.

Uhuru ulikuja tarehe 9 Desemba 1961, na nchi ilikuwa na wasomi wa kuhesabika. Serikali mpya iliwataja maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Wakati huohuo nchi za Nordiki, yaani Sweden, Norway, Denmark na Finland, zilikuwa zikitafuta mahali pa kufanya kazi moja kwa pamoja barani Afrika. Hazikuwa na koloni huku, na kwa Nyerere hilo lilikuwa jambo kubwa. Mazungumzo yakazaa mkataba wa mwaka 1963, na msitu wa Kibaha ukaanza kufyekwa.

Mradi wa Nordiki na Tanganyika, kama ulivyoitwa, ulijengwa kwa kufuata maadui wale watatu. Ujinga ulijengewa shule ya sekondari, maradhi yakajengewa kituo cha afya pale Tumbi, umaskini ukajengewa kituo cha kuwafundisha wakulima. Wazungu walihamia na wake zao na watoto wao. Wengi wao hawakuwa watu wa kujitolea kwa maana halisi. Walikuwa wataalamu wenye mikataba na mishahara, na si haki kuwachanganya na wengine. Lakini hali ya mgeni ilikuwa ileile: mwalimu kutoka Finland anashuka Dar es Salaam mwezi wa Februari, jua la utosi, anapelekwa kwenye mji ambao bado ni vumbi na mbao, na kesho yake anasimama mbele ya wavulana wanaomtazama kwa makini sana.

Mmoja wa wavulana hao, kati ya mwaka 1966 na 1969, alikuwa Jakaya Mrisho Kikwete wa Msoga, aliyekuja kuwa Rais wa nchi. Shule ilipata sifa ya kuchukua watoto wenye vipaji na imekaa nayo. Kwa upande wa kilimo, jina la Kibaha likashikamana na kuku, hata kwa watu ambao hawakuwahi kusikia kwamba palikuwa na mradi wa Nordiki.

Tarehe 10 Januari 1970 Kibaha ilikabidhiwa kwa serikali ya Tanzania. Nadhani siku hiyo ina uzito kuliko siku ya kufungua. Miradi mingi ya wageni barani hufunguliwa kwa ngoma na kufa kimya. Huu ulikabidhiwa hadharani, ukiwa mzima, ukawa Shirika la Elimu Kibaha, shirika la umma. Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa miaka mitatu kabla, likisema fedha za nje hazitakuwa msingi wa maendeleo. Matatizo hayakwisha. Bajeti zilibana, majengo yalizeeka. Tumbi ikaelemewa na majeruhi wa ajali za Barabara ya Morogoro, na leo ni hospitali ya rufaa ya mkoa. Lakini anayelalamika kuhusu Tumbi leo anamlalamikia mtumishi wa umma wa Tanzania, na ana haki ya kumlalamikia.

Volontia halisi alikuja kwa mlango mwingine. Rais Kennedy alianzisha Peace Corps tarehe 1 Machi 1961, na Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kabisa kupokea watu wake. Kundi la kwanza lilikuwa dogo, chini ya watu 40: wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia, waliokuja kusaidia kupima barabara. Waliofuata wengi walikuwa walimu. Mwaka 1963 Denmark ikaleta vijana wake wa kwanza wa kujitolea, na nchi waliyoanzia ilikuwa Tanganyika. Wadenmarki baadaye walifungua kituo chao karibu na Arusha, ambako mgeni alifunzwa Kiswahili kabla ya kupelekwa kazini. Nakipenda kituo kile kwa sababu hiyo moja. Mtu aliyejifunza kusalimia, kuuliza bei na kuomba radhi ameanza kujua kwamba yuko nyumbani kwa watu.

Peace Corps waliondoka mwaka 1969. Vita vya Vietnam vilikuwa vimeutia uchungu uhusiano na Marekani, na sera ya Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, ilihitaji mwalimu anayeiishi. Mwaka 1979 walirudi. Mwenyeji alifunga mlango, na baadaye akaufungua mwenyewe.

Katika habari hizi siwezi kumpita Barbro Johansson. Alitoka Sweden mwaka 1946, mwanamke asiye na mume, akaenda kufundisha wasichana Bukoba. Akaingia TANU, akawa mbunge, akachukua uraia wa Tanganyika, akaongoza shule ya wasichana ya Tabora. Watu walimwita Mama Barbro. Alifariki mwaka 1999, na shule ya wasichana yenye jina lake iko Luguruni, kandokando ya njia ileile ya kwenda Kibaha. Alikuja kama mgeni wa kujitolea, akaishia kuwa mwenye jembe.

Mawazo nayo yalisafiri. Huko Denmark, mwaka 1844, mji wa Rødding ulifungua shule ya watu wazima kwa fikra za N. F. S. Grundtvig: mkulima aishi bwenini, ajifunze bila kukimbizana na mtihani, arudi kwake. Wasweden waliuchukua mtindo huo mwaka 1868. Nyerere aliuona, akaupenda, na kuanzia mwaka 1975 Tanzania ikaanzisha Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi kwa msaada wa Sweden. Kibaha ina chuo chake, na Kisarawe vilevile. Ushoni, useremala na kilimo vinafundishwa humo na Watanzania.

Volontia wa siku hizi anakuja kwa majuma machache, mara nyingi peke yake, mara nyingi akiwa amelipa fedha kwa wakala wa kwao. Sheria inamtaka awe na hati ya ukaazi daraja C au kibali cha muda mfupi. Viza ya kutembea haimruhusu kufanya kazi, hata ya bure. Wengi huja kwa moyo safi. Nimewaona kwenye daladala za Gongo la Mboto wakiwa wamekumbatia mabegi, wakijaribu kuhesabu vituo, na sijawahi kuwaona bila kuwahurumia na kuwaheshimu pia.

Lakini wengi wao huomba kufanya kazi na watoto, hasa kwenye makao ya yatima, na hapo lazima niseme wazi: majuma mawili ni muda wa kutosha kwa mtoto kumzoea mtu, na hautoshi kwa kingine chochote. Mtoto anazoea na kuachwa, tena na tena, kila msimu wa likizo za Ulaya. Wageni wakilipa ili wawaone yatima, watapatikana watu wa kuwatafuta yatima. Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitaja madhara ya kujitolea kwa namna hiyo katika azimio lake kuhusu haki za mtoto. Hapa kwetu Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka makao yawe na leseni, na ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri, Kibaha au Kisarawe, ndiyo mahali pa kuulizia kabla hata ya kukata tiketi.

Sasa njia ina watu wanaokwenda upande wa pili. Fredskorpset, mpango wa kujitolea wa Norway, ilibadilishwa mwaka 2000 ikawa ya kubadilishana, vijana wa nchi za kusini mwa dunia wakiwamo. Ujerumani ilianzisha mpango wa weltwärts mwaka 2008 kwa vijana wake, na kuanzia mwaka 2013 ikawapokea wa kwetu pia. Kwa hiyo leo kijana wa Kisarawe anaweza kupita Pugu, alfajiri, akiwa na begi la nguo nzito za mtumba alizonunua soko la Karume, akielekea nchi walikotoka watu wa Hoffnungshöhe. Wazazi wake wamekwisha kumuuliza kila kitu wakati wa chai. Utafikia kwa nani? Baridi utaiweza? Na hiyo kazi, mwanangu, nani amekuomba ukaifanye?