Wageni wa Hospitali ya Saint-Louis

Hospitali ya Saint-Louis ya Paris ilianzishwa kwa amri ya Mfalme Henri IV mwaka 1607, nje ya kuta za mji, ili wagonjwa wa tauni watengwe na wakazi wengine. Sifa hiyo ya utengano haikuiacha, kwani mwaka 1801 ilikabidhiwa maradhi sugu, hasa ya ngozi, yakiwemo upele na mapunye, pamoja na kiseyeye, yaani ugonjwa wa fizi kuvuja damu kwa kukosa matunda na mboga. Hapo Jean-Louis Alibert alifundisha tiba ya ngozi hadharani, chini ya miti ya uwanja wa hospitali, mbele ya wanafunzi wenyeji na matabibu wa kigeni.

Ni kosa kuwahesabu waliotoka mbali kuwa wasikilizaji tu. Laurent Biett, mzaliwa wa Uswisi, alikwenda London mwaka 1816 akajifunza utaratibu wa Robert Willan, unaoainisha maradhi kwa umbo la alama ya ngozi, iwe kipele, lengelenge au gamba. Na aliporudi nao Saint-Louis, ulikubalika kuliko mti wa maradhi, yaani mchoro wa kuyapanga kama matawi, uliobuniwa na Alibert, mwalimu wake.

La kustaajabisha zaidi ni suala la upele. Mwaka 1812 Jean-Chrysanthe Galès alitangaza kwamba amemwona mdudu anayeusababisha, lakini alichokichora kilikuwa mdudu wa jibini, na matabibu waliomtafuta bila kumpata wakafikia kukana kuwa yupo. Mwaka 1834 mwanafunzi kutoka kisiwa cha Corsica, Simon-François Renucci, alimtoa mbele yao kwa ncha ya sindano, kama wanawake wa kwao walivyozoea kufanya, sawa na mtu atoavyo funza kidoleni. Wanawake hao walijua ambalo wasomi hawakulijua: mdudu hakai ndani ya lengelenge, bali mwishoni mwa kijinjia anachokichimba ngozini. Heshima ya ugunduzi huo, kwa haki, ni yao kwanza.

Kongamano la kwanza la kimataifa la magonjwa ya ngozi lilifanyika hospitalini hapo mwaka 1889, katika jumba la makumbusho lenye sanamu za nta za Jules Baretta, fundi aliyewahi kutengeneza matunda ya bandia, ambazo zilifinyangwa kutokana na miili ya wagonjwa wenyewe na kupakwa rangi ya kila kidonda.