Mti wa Chitambo Baada ya Kufa

Mti ukifa kijijini, kila mtu ana shauri lake. Mama anaona kuni, seremala anaona kiti, mchongaji anaona kinu. Leo, wasomaji wapenzi, tutazame mti mmoja ambao watu walikataa kuuacha uwe majivu. Haukuota Kasongo, lakini habari yake inaanzia kwetu.

Tarehe 15 Julai 1871 Daktari Livingstone alikuwa Nyangwe, kando ya Lualaba, kaskazini ya Kasongo. Ilikuwa siku ya soko. Watu wa misafara ya Waarabu wakaanza kuwapiga bunduki waliokuja kuuza na kununua, wengi wao wanawake. Wengine wakazama mtoni wakikimbilia mitumbwi. Waarabu wenyewe walihesabu wafu kati ya 330 na 400. Livingstone hakuweza kukaa tena, akarudi Ujiji. Barua zake juu ya siku ile zilisomwa Uingereza, watu wakakasirika, nao Waingereza wakamlazimisha Sultani wa Unguja afunge soko la watumwa. Lilifungwa Juni 1873.

Yeye hakuishi kuyaona hayo. Alikufa tarehe 1 Mei mwaka ule ule, kijijini kwa Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia. Wenzake, akina Susi na Chuma, waliutoa moyo wake, wakautia katika sanduku la bati, wakauzika chini ya mpundu, mti ambao Waswahili huuita mbura. Maiti waliikausha kwa chumvi na jua, wakaichukua mpaka Bagamoyo, ambako mapadri wa Roho Mtakatifu waliipokea Februari 1874. Safari hiyo ya miguu yataka makala yake. Lakini kabla ya kuondoka, kijana Jacob Wainwright, aliyekuwa mtumwa, akakombolewa na kusomeshwa Uhindini, alisoma sala za maziko, kisha akachonga shina la mti: jina la Livingstone, mwezi na mwaka, na majina ya wenzake watatu.

Miaka 26 ikapita. Mti ukaugua, ukaanza kuoza, na mwaka 1899 Mwingereza Codrington akaukata. Kila seremala ajua kazi ya namna hiyo: sehemu iliyoliwa na wadudu hutupwa, na iliyo nzima huachwa ikauke vema, kwani mti mbichi ukichongwa hupasuka. Kipande chenye maandiko kilipelekwa London, kwa Chama cha Kifalme cha Jiografia. Mbao nyingine za mti huo zikatengenezwa msalaba, nao umewekwa Unguja, katika kanisa kuu la Waanglikana.

Je, kipi kimetengenezwa vizuri zaidi? Sisi twapenda ule msalaba, ingawa ni kitu kidogo. Kanisa lile limejengwa mahali pa soko lile la watumwa, na misafara iliyotoka huku Maniema ilielekea pwani ile, pembe za ndovu mabegani na watu katika minyororo. Lakini kipande cha London kina jambo ambalo msalaba hauna: majina ya watu weusi watatu, yaliyochongwa na mtu mweusi, kando ya jina la bwana mkubwa. Wanawake wa soko la Nyangwe hawakupata mti wa namna hiyo. Livingstone aliandika hesabu yao. Majina yao hakuyaandika.