Padre Aliyewauliza Wazima

Maradhi yakiingia kijijini, sote twauliza nani ameugua na nani amekufa. Ni mara chache tuulizapo habari za nyumba ya jirani ambayo hakuugua hata mtu mmoja. Na kumbe elimu ya kuchungua nyendo za maradhi ya kuambukiza ilipata nguvu kwa swali hilo la pili. Twapenda kuwasimulia wasomaji jinsi lilivyoulizwa katika mji wa London, Uingereza, mwaka 1854, wakati wa kipindupindu.

Zamani hizo matabibu wengi walisadiki kwamba kipindupindu huletwa na hewa mbaya inukayo katika mitaro na majaa. Daktari mmoja, jina lake John Snow, hakukubali. Aliona kwamba ugonjwa huu huanza tumboni, si kifuani. Basi yapasa sumu yake iwe imemezwa. Naye mgonjwa huitoa katika kuhara, nayo ikiingia katika maji ya kunywa huwapata wengine. Aliyaandika hayo mwaka 1849, lakini waliomsadiki walikuwa wachache.

Hata usiku wa tarehe 31 Agosti 1854, kipindupindu kikazuka kwa nguvu katika mtaa wa Soho. Kwa muda wa siku kumi walikufa watu zaidi ya 500 katika eneo dogo sana, na katikati yake palikuwa na bomba la maji, katika njia iitwayo Broad Street. Snow akaenda kwa karani aandikaye vifo, akapata majina, akapita nyumba kwa nyumba akiuliza, Marehemu alikuwa akinywa maji ya wapi?

Wala hakuishia kwa wafiwa. Karibu na hapo palikuwa na nyumba ya kutunzia maskini, watu 535, na kati yao walikufa watano tu; akakuta kwamba wana kisima chao wenyewe. Palikuwa na kiwanda cha bia chenye wafanyakazi zaidi ya 70, wala hakufa hata mmoja. Hao walikunywa bia waliyopewa na bwana wao, na bombani hawakwenda. (Msomaji asiichukue habari hii kuwa sifa ya pombe, katika kuipika bia maji huchemshwa, na kiwandani kisima kilikuwapo.) Kisha akasikia habari za mjane mmoja aliyekaa mbali, huko Hampstead, mahali pasipo ugonjwa, naye amekufa. Mama huyu aliwahi kukaa Broad Street, akapenda ladha ya maji yale, hata kila siku akaletewa chupa kwa gari. Aliyanywa, akafa, na mpwa wake aliyemzuru akayanywa, akarudi kwake, akafa.

Tarehe 8 Septemba wakubwa wa mtaa wakauondoa mkono wa bomba. Wengi husimulia kwamba ugonjwa ukakoma palepale. Sivyo. Snow mwenyewe aliandika kwamba ulikuwa umekwisha kupungua, maana watu wengi walikuwa wamekimbia.

Katika mtaa ule alikuwako padre kijana, Henry Whitehead, aliyewajua wengi wa wafu hao. Aliposikia neno la Snow hakulisadiki, akaazimu kulikanusha kwa kuchungua mwenyewe. Akaingia katika nyumba za Broad Street, nyingine mara nne au tano, akiwauliza wafiwa, akiwauliza na wazima. Hesabu yake ikamshinda mwenyewe: katika watu 137 walioyanywa maji ya bomba, 80 waliugua, katika wasioyanywa, nao karibu 300, waliugua 20 tu. Padre akageuka. Twaona hili ni jambo kubwa kuliko kuuondoa mkono wa bomba, kwa maana si wengi wapendao kuhesabu mpaka hesabu iwashinde.

Naye ndiye aliyepata chanzo. Alipokuwa akisoma daftari la vifo aliona habari za mtoto mchanga wa nyumba nambari 40, mbele ya bomba lenyewe, aliyekufa kwa kuhara tarehe 2 Septemba, baada ya kuugua siku nne. Akamwendea mama yake. Mama akasema kwamba maji ya kufulia nguo za mtoto aliyamwaga katika shimo la choo lililo chini ya nyumba. Wakafukua, wakakuta matofali yameoza, na kutoka shimo hata kisima cha bomba hapakuwa na futi tatu. Tena baba wa mtoto huyo alishikwa na kipindupindu siku ileile mkono wa bomba ulipoondolewa, naye akafa. Kama bomba lingalikuwa wazi, maji ya kufulia nguo zake yangalifuata njia ileile.

Kijidudu chenyewe kilijulikana kwa watu wote kwa kazi ya Robert Koch, mwaka 1884, yaani miaka 30 baadaye.

Uchunguzi wa namna hii ulifanywa na kwetu pwani. Kipindupindu kilipoingia Unguja mwishoni mwa mwaka 1869, tabibu James Christie aliyekaa huko hakuridhika kusema kwamba kimeletwa na jahazi kama safari zilizotangulia. Akawauliza wafanya biashara na watu wa misafara, ugonjwa waliuona wapi, na lini. Kwa maneno yao akaifuata njia yake kinyumenyume, kutoka Unguja hata Pangani, na kutoka Pangani hata nchi ya Wamasai. Kumbe safari hii kilishuka kwa nchi kavu. Kitabu chake kilipigwa chapa mwaka 1876.

Sisi waalimu tuna daftari la mahudhurio. Mwaka jana watoto wengi wa shule yetu waliharisha, na mganga wa zahanati akatuuliza, Walioanza walitoka upande wa mto gani, na upande gani hawakuugua? Tukafungua daftari. Tulikuwa tumeandika “hayupo”, “hayupo”, ukurasa mzima.