Mae Jemison: Daktari Kabla ya Mwanaanga
Dkt. Mae Jemison anakumbukwa kwa siku nane za Septemba 1992, alipokuwa mwanamke Mweusi wa kwanza kufika angani, ndani ya chombo Endeavour. Mimi huwarejesha wanafunzi nyuma zaidi, miaka ya 1983 hadi 1985, alipokuwa daktari wa Peace Corps nchini Sierra Leone na Liberia, akisimamia maabara, famasia na wahudumu wa afya. Kazi hiyo haitajwi sana, na naona ni dhuluma kwa historia: mwaka 1987 NASA ilimteua tabibu aliyekwishazoea kufanya maamuzi mazito mbali na hospitali kubwa. Naye hakusahau, alipaa na sanamu ya Bundu, jumuiya ya jadi ya wanawake wa Sierra Leone. Mwaka 1993 akaondoka NASA, akaunda kampuni iliyotafuta kuunganisha huduma za afya za Afrika Magharibi kwa setilaiti.